Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Indiana Haijaisahau Milan ya 1954

Katika toleo lililopita safu hii iligusia, kwa aya moja tu, ushindi wa shule ndogo ya mji wa Milan katika mashindano ya mpira wa kikapu ya shule za sekondari za jimbo la Indiana, Marekani, mwaka 1954. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na baadhi zimetoka kwa wasomaji wetu wanaoishi katika jimbo hilo hilo. Tumechagua chache ambazo maswali yake yanakamilishana.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Indianapolis. Wawili kati ya wazee ninaowahudumia hawapitishi wiki bila kuitaja mechi ya Milan. Mmoja anasema alikuwa uwanjani, mwingine anasema aliisikiliza redioni jikoni kwa mama yake. Mimi nimezaliwa Bukavu na mpira niliokulia ni wa miguu, kwa hiyo huishia kutikisa kichwa tu. Naomba mnieleze kilichotokea, ili siku nyingine niweze kuwauliza swali la maana. — Msomaji, Indianapolis.

JIBU: Ndugu yetu, ili uielewe mechi hiyo ni lazima kwanza uelewe mashindano yenyewe. Yalianza mwaka 1911, na hadi mwaka 1997 yaliendeshwa kwa kanuni moja isiyobadilika: shule zote za jimbo, ziwe na wanafunzi mia moja au elfu mbili, zilishindania kombe moja, na timu iliyofungwa mara moja ilikuwa imekwisha kutoka. Hapakuwa na madaraja wala kupewa nafasi ya pili. Mwaka 1954 shule zilizoingia zilikuwa 751. Walianza kwa kupambana majirani, vijiji na miji ya karibu ambayo watu wake walijuana kwa majina na kwa ugomvi wa zamani, kisha washindi wakapanda hatua kwa hatua hadi zikabaki shule nne, ambazo zilikutana Indianapolis katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Butler.

Milan ni mji ulioko kusini-mashariki mwa jimbo, katika Kaunti ya Ripley. Wakati huo ulikuwa na wakazi wapatao 1,150, na shule yake ya sekondari ilikuwa na wanafunzi 161, wavulana na wasichana kwa pamoja. Kocha wao, Marvin Wood, alikuwa na umri wa miaka 26. Aliyemtangulia alikuwa ameachishwa kazi kwa kuagiza sare mpya za timu bila idhini ya wakubwa wake, jambo linaloonyesha kwamba hata katika mji mdogo kiasi hicho kikapu kilikuwa kimeshakuwa suala la siasa na fedha. Wood mwenyewe alikuwa amecheza chuoni Butler chini ya kocha Tony Hinkle, kwa hiyo ukumbi wa fainali, ambao kwa vijana wake ulikuwa mkubwa kuliko kitu chochote walichozoea, kwake yeye ulikuwa kama nyumbani.

Tarehe 20 Machi 1954 Milan walicheza mara mbili kwa siku moja, kama ulivyokuwa utaratibu. Mchana waliwafunga Gerstmeyer ya Terre Haute pointi 60 kwa 48, na usiku wakakutana na Muncie Central, shule yenye wanafunzi zaidi ya 1,600 na makombe manne ya jimbo kabatini, mawili kati yake ya mwaka 1951 na 1952. Vijana wa Muncie walikuwa warefu zaidi. Milan waliongoza 23 kwa 17 hadi mapumziko, lakini kufikia mwisho wa robo ya tatu walikuwa sawa, 26 kwa 26, na mwanzoni mwa robo ya nne Muncie wakatangulia kwa kikapu kimoja.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mimi ningependa uwaulize wazee wako kabla ya jambo jingine lolote. Kocha Wood alimwagiza mchezaji wake Bobby Plump aushike mpira na asifanye lolote. Plump alisimama nao, bila kudunda, bila kupasia, bila kutazama kikapu, kwa dakika 4 na sekunde 13, katika robo yenye dakika 8. Na kumbuka kwamba timu iliyokuwa imesimama na mpira ndiyo iliyokuwa nyuma. Muncie, kwa kuwa walikuwa wakiongoza, hawakuona sababu ya kuacha ulinzi wao na kwenda kumfuata, na hivyo watu wapatao 15,000 wakamtazama kijana mmoja amekumbatia mpira huku saa ikitembea. Mzee wako aliyekuwa ndani ya ukumbi atakuwa na la kusema kuhusu dakika hizo, na yule wa redioni huenda akawa na zaidi, kwa sababu mtangazaji naye hakuwa na la kutangaza.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Plump alirusha akakosa, Muncie wakaupoteza mpira, na Ray Craft, ambaye ndiye aliyefunga pointi nyingi zaidi kwa Milan usiku huo, 14, akasawazisha. Plump akaongeza mbili kwa mitupo huru, Muncie wakajibu, ikawa 30 kwa 30. Zikiwa zimebaki sekunde 18 Milan waliitisha mapumziko na kukubaliana kwamba wachezaji wanne wasogee upande mmoja, ili Plump abaki peke yake na mlinzi wake, Jimmy Barnes, upande wa pili. Plump alidunda mpira akasubiri, akajifanya anaingia, akasimama ghafla na kuruka kurusha kutoka umbali wa mita nne na nusu hivi. Mpira uliingia. Matokeo yalikuwa 32 kwa 30, na kesho yake msafara wa timu uliporudi nyumbani ulipokewa na umati uliokadiriwa kufika watu 40,000, katika mji ambao usingeweza kuwapa hata mahali pa kuegesha magari.

Plump aliufunga mpira ule baada ya kucheza vibaya kwa viwango vyake usiku mzima. Hilo nalo waulize. Watu wa Indiana wanaojua kikapu hupenda kulieleza kuliko mtupo wenyewe.

SWALI: Ninafundisha timu ya wasichana katika shule moja ya Kaunti ya Nakuru. Wachezaji wangu wakikaa na mpira sekunde 24 bila kurusha, mwamuzi anapuliza kipenga na mpira unakwenda kwa wapinzani. Iliwezekanaje mtu akae na mpira dakika nne? Je, huo haukuwa woga uliopambwa jina la mbinu? — Mwalimu wa michezo, Nakuru.

JIBU: Mwalimu, iliwezekana kwa sababu sheria unayoifundisha haikuwapo. Chama cha kimataifa, FIBA, kiliweka kikomo cha sekunde 30 mwaka 1956, na kikapunguza hadi 24 mwaka 2000. Ligi ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, NBA, ilianza kutumia sekunde 24 katika msimu wa 1954–55, yaani miezi michache baada ya fainali ya Milan. Sababu mojawapo iliyoisukuma ligi hiyo kufika hapo ni mechi ya Novemba 1950 ambamo Fort Wayne Pistons, timu ya Indiana pia, waliwafunga Minneapolis Lakers pointi 19 kwa 18, wachezaji wakiwa wamekaa na mpira muda mrefu kiasi kwamba waliolipa kiingilio waliona wameibiwa. Shule za sekondari za Indiana hazikuwa na kikomo cha aina hiyo.

Kuhusu woga, mimi sikubaliani nawe. Mtu mwoga angerusha haraka ili lawama imtoke mkononi. Wood alikuwa na timu yenye wachezaji wafupi na waliochoka kwa kucheza mechi ya pili ya siku, dhidi ya timu iliyokuwa imeanza kupata kasi, na dakika zile nne zilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ziliwapumzisha vijana wake, na zilipunguza idadi ya nafasi ambazo urefu wa Muncie ungeweza kutumika. Kila mtupo usiorushwa na Milan ulikuwa pia mpira usiogombewa chini ya kikapu, mahali ambapo Muncie wangeshinda mara nyingi zaidi. Jambo la ujasiri ni kwamba alilifanya akiwa nyuma kwa pointi mbili, jambo ambalo kocha wa leo angeambiwa amerukwa na akili, na vijana hawakushtuka kwa kuwa walikuwa wamelizoea mazoezini. Wenyewe waliuita mchezo wa paka na panya. Ukitaka kuwaonyesha wasichana wako faida ya kuujua mchezo unaotaka wewe na kuukataa unaotakiwa na mpinzani, mfano huu bado unafaa, hata kama sheria haiwaruhusu kuuiga.

SWALI: Nimeitazama filamu ya Hoosiers ya mwaka 1986 ambayo inasemekana ni kisa cha Milan. Je, ni kweli tupu? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Hapana. Filamu imechukua roho ya kisa na mtupo wa mwisho, na mengineyo imejitungia. Shule yake ni ya kubuni na mambo yake yanatokea miaka miwili kabla. Kocha wake ni mtu mzima mwenye makosa ya zamani yanayomwandama, ilhali Wood alikuwa kijana mtulivu aliyekuwa akianza maisha. Kubwa zaidi ni kwamba timu ya filamu inaibuka kutoka kusikojulikana, wakati Milan walikuwa wamefika hatua ya shule nne za mwisho mwaka uliotangulia, 1953, wakafungwa vibaya na South Bend Central, 56 kwa 37. Walirudi wakijua wanakokwenda. Kwa maoni yangu kisa cha kweli kina utamu zaidi hapo, ingawa naelewa kwa nini mtunzi wa filamu hakuutaka: timu inayopewa nafasi ya kushinda haiwezi kuliza watazamaji. Tahadhari pekee ninayokupa ni kwamba wapo watu wa Indiana ambao sasa hukumbuka mambo ya filamu wakidhani waliyaona wenyewe, kwa hiyo msimuliaji akikutajia kocha mwenye hasira, ujue ametoka sinema.

SWALI: Picha zote za timu ya Milan nilizoziona ni za vijana Wazungu. Ninajua kwamba Indiana ilikuwa na watu weusi wengi, na kwamba mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huu, Oscar Robertson, alilelewa Indianapolis. Wao walikuwa wapi katika kumbukumbu hizi tamu? — Msomaji, Arusha.

JIBU: Walikuwa uwanjani, tena siku chache tu kabla ya fainali na dhidi ya Milan hao hao. Umeuliza swali ambalo masimulizi mengi ya 1954 hulipita pembeni, na ninakuomba univumilie nikichukua nafasi.

Shule ya Crispus Attucks ilifunguliwa Indianapolis mwaka 1927 kwa uamuzi wa wakuu wa elimu wa mji kwamba vijana weusi wakusanywe katika shule yao peke yao. Ilipewa jina la mtu mweusi aliyeuawa na askari wa Uingereza mjini Boston mwaka 1770. Chama kilichoendesha michezo ya shule za jimbo kilizikatalia shule za weusi, pamoja na shule za Kikatoliki, kushiriki mashindano yake hadi mwaka 1942. Kwa hiyo ile sifa niliyoieleza hapo juu, kwamba kila shule iliruhusiwa kushindania kombe moja, haikuwa ya kweli kwa miaka 31 ya mwanzo, na anayekumbuka enzi hizo kwa kusema milango ilikuwa wazi kwa wote anakumbuka mlango wa upande wake tu.

Attucks hawakuwa na ukumbi wa kutosha kupokea watazamaji, kwa hiyo walisafiri sana, na mechi nyingi ambazo kwa kawaida zingekuwa za nyumbani walizichezea kwingine, ukiwamo ukumbi wa Butler. Chini ya kocha Ray Crowe, aliyeichukua timu mwaka 1950, walianza kucheza mchezo wa kasi ambao jimbo halikuwa limeuzoea. Mwaka 1954 walifika hatua ya mwisho kabla ya zile shule nne, wakiwa na Robertson mwenye umri wa miaka 15, kijana aliyejifunzia mchezo katika uwanja wa vumbi karibu na nyumba za Lockefield Gardens. Huko walikutana na Milan wakafungwa 65 kwa 52. Unaona, basi, kwamba njia ya Milan kwenda kwenye utukufu ilipita kwa timu ambayo mwaka mmoja tu baadaye isingefungika.

Mwaka 1955 Attucks walitwaa kombe kwa kuwafunga Roosevelt ya Gary pointi 97 kwa 74, nayo Roosevelt ilikuwa pia shule ya weusi. Indianapolis, makao makuu ya jimbo, haikuwahi kamwe kupata bingwa kabla ya siku hiyo. Ilikuwa pia mara ya kwanza nchini Marekani kwa shule ya weusi watupu kushinda mashindano ya jimbo yaliyo wazi kwa shule zote. Mwaka uliofuata walishinda tena bila kufungwa hata mechi moja, jambo ambalo hakuna bingwa wa Indiana aliyekuwa amewahi kulifanya kabla yao.

Sasa tazama walivyosherehekea. Ilikuwa desturi ya bingwa kupitishwa katika mzunguko wa mnara ulioko katikati ya jiji, na Milan walipewa heshima hiyo mwaka 1954. Attucks walipandishwa gari la zimamoto, wakapitishwa kwenye mnara, lakini hawakuachwa washuke na kushangilia pale. Msafara ulielekezwa moja kwa moja kwenye bustani ya mtaa wa watu weusi, na moto wa sherehe ukawashwa huko, kwa kuwa wakubwa wa mji walihofia fujo. Robertson amelieleza jambo hilo mara nyingi katika uzee wake, na hajaficha kwamba lilimwuma. Ni mtu aliyekwenda kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960 na kuwa miongoni mwa wachezaji bora wa historia ya NBA, lakini usiku ule wa 1955 haukumtoka.

Kwa hiyo ukiniuliza ni timu gani ya miaka ile iliyobadilisha mchezo, nitakujibu Attucks bila kusita. Milan iliacha kisa kizuri. Attucks iliacha namna mpya ya kucheza, na iliwalazimu watu wa jimbo zima kulipa kiingilio kuwatazama vijana ambao wasingeruhusiwa kuketi nao katika baadhi ya migahawa ya mji.

SWALI: Tunaishi karibu na Fort Wayne na binti yetu anacheza kikapu katika shule ndogo ya mashambani. Tulipopelekwa kutazama mechi katika mji wa New Castle tulistaajabu: mji mdogo, ukumbi wa shule unaozidi viwanja vya taifa vya nchi fulani. Nani alijenga vitu hivi, na je, shule kama ya binti yetu inaweza kuwa Milan nyingine? — Mzazi, Indiana.

JIBU: Ukumbi wa New Castle, uliofunguliwa mwaka 1959, una viti zaidi ya 8,000, na watu wake hujivunia kuwa ndio mkubwa kuliko ukumbi wowote wa shule ya sekondari duniani. Hauko peke yake; sehemu kubwa ya kumbi kubwa za shule nchini Marekani ziko Indiana. Msingi wake ni hali ya maisha ya mashambani. Majira ya baridi mkulima hana kazi shambani, shule ndogo haiwezi kupata wavulana wa kutosha kwa mpira wa Kimarekani wala fedha za vifaa vyake, lakini vijana watano na mpira mmoja hupatikana popote. Wingate, shule iliyokuwa haina hata ukumbi wa kufanyia mazoezi, ilitwaa kombe la jimbo mwaka 1913 na tena 1914. Halafu zikaja hesabu: mechi za hatua ya kwanza zilichezwa katika ukumbi wa shule mwenyeji, na mji wenye ukumbi mkubwa ndio ulioelekea kupewa uenyeji pamoja na sehemu ya mapato ya mlangoni. Mji ukijenga ukumbi wa watu elfu tano, jirani yake alijenga wa elfu sita.

Kuhusu binti yenu, jibu la kweli ni kwamba haiwezekani kwa namna ile. Sheria ya jimbo ya mwaka 1959 ya kupanga upya tarafa za shule ilisababisha mamia ya shule ndogo kuunganishwa, na kufikia mwaka 1997 mashindano yalikuwa na shule 382 tu, karibu nusu ya zile za 1954. Tangu msimu wa 1997–98 mashindano yamegawanywa katika madaraja manne kwa kufuata idadi ya wanafunzi, kila daraja na kombe lake. Bobby Plump alikuwa miongoni mwa waliopinga kwa sauti kubwa. Wakuu wengi wa shule waliunga mkono mabadiliko, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: tangu 1954 hakuna shule ndogo kama Milan iliyokuwa imetwaa kombe la pamoja, na mtoto anayefungwa kila mwaka katika raundi ya kwanza na shule iliyo mara kumi ya yake hajifunzi mengi.

Mimi ningekuwa mzazi ningefurahia madaraja. Nikiwa mtazamaji nayasikitikia. Mwaka 1990, chini ya utaratibu wa zamani, watu 41,046 walijaa katika ukumbi mmoja wa Indianapolis kutazama fainali ambayo Bedford North Lawrence, shule ya mji mdogo wa kusini, iliwafunga Concord ya Elkhart 63 kwa 60. Fainali nne kwa siku moja hazijawahi kuvuta umati wa kiasi hicho, kwa sababu shabiki wa daraja moja hana haja ya kujua kilichotokea katika jingine.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nilifundisha sekondari ya mji mdogo wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania hadi nilipostaafu. Tulikuwa na uwanja wa saruji uliopasuka na ubao mmoja uliolegea, na bado timu yetu ya kikapu iliwahi kushinda shule zote zilizotuzunguka, wavulana kwa wasichana. Leo nikiwatajia vijana wa mji ule hakuna anayejua. Watu wa Milan wana bahati gani ambayo sisi hatuna? — Mwalimu mstaafu, Iringa.

JIBU: Marahaba, Mwalimu, ingawa yumkini mimi ndiye niliyepaswa kutangulia.

Umaarufu wa Milan una filamu na magazeti nyuma yake, hilo halina ubishi, lakini nadhani tofauti kubwa iko kwenye jezi. Milan walivaa jezi ya shule yao tangu mechi ya kwanza ya ujirani hadi sekunde ya mwisho ya fainali, na waliokuja kuwashangilia walikuwa wazazi, wenye maduka na wakulima wa mji ule ule. Katika UMISSETA yetu, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania, mashindano yanaanzia shuleni, lakini kadiri yanavyopanda wachezaji bora huchaguliwa na kuunganishwa kuwa timu ya wilaya, kisha ya mkoa au kanda, na kombe la taifa huchukuliwa na mkoa. Utaratibu huo una faida zake: kijana hodari wa shule dhaifu hapotei. Lakini vijana wako wawili au watatu waliofika taifani walifika wakiwa na jina la mkoa kifuani, na shule yao ikabaki nyumbani. Kenya wamefuata njia nyingine. Huko shule yenyewe hupanda kutoka kaunti ndogo hadi taifa na kuendelea hadi mashindano ya Afrika Mashariki, na ndiyo maana Mkenya wa makamo anaweza kukutajia bila kufikiri shule zilizotamba katika kikapu enzi zake.

Jambo la pili ni karatasi. Kila mechi ya Indiana ilikuwa na karani mezani aliyeandika kila kikapu na kila faulo, gazeti la mji likachapisha matokeo siku iliyofuata, na shule ikatoa kitabu cha mwaka chenye picha za timu na majina ya waliosimama na waliopiga magoti. Milan leo ina jumba la makumbusho la timu ile, na maandishi ya ubingwa wa 1954 yako juu ya tangi la maji la mji. Vitu hivyo visingewezekana kama hakuna aliyehifadhi.

Hujachelewa. Andika kwanza majina ya wachezaji unaowakumbuka, kwa miaka yao na nafasi walizocheza, na shule mlizocheza nazo, hata kama matokeo yamekutoka. Kisha watafute wawili au watatu kati yao, kwa kuwa kila mmoja atakukosoa na kukuongezea. Waombe picha, wengi wanazo bila kujua zina thamani, zimechanganyika na za harusi na ubatizo. Zipigwe nakala, na nakala moja ipelekwe kwa mkuu wa sasa wa shule ikiwa na barua inayoeleza ni ya nini, isije ikatupwa siku ofisi ikipakwa rangi. Picha za asili mwachie mwenyewe, na majina yaandikwe nyuma kwa penseli, kwa sababu wino hupenya hadi upande wa sura.